Kuvu ya udongo kwenye viazi vya Lushoto: namna ya kuitenga, kuijua kundi lake na kupima ukali wake

Viazi mviringo viwili kutoka Lukozi, Lushoto, vinaweza kuwa na vibonge vyeusi vya aina moja kwenye ganda, na bado kuvu iliyo kwenye kimoja ikaua vichipukizi vyote kabla havijaona jua, huku ile ya kingine ikiacha mchubuko mdogo wa kahawia tu. Kwa macho hutazitofautisha. Jina la kitaalamu ni lilelile, Rhizoctonia solani, alilolitoa Mjerumani Julius Kühn mwaka 1858 alipoielezea kuvu hii kwenye viazi. Kwa hiyo ripoti inayoishia kwenye maneno "Rhizoctonia imeonekana" haimfikishi mkulima popote. Anahitaji kujua kuvu yake ni ya kundi gani, imeingia kwa mbegu au ilikuwa udongoni, na ina ukali gani kwa joto la shamba lake.

Hilo la joto linasahaulika kuliko yote, na katika mkoa wa Tanga ndilo linaloharibu vipimo vingi. Viazi vinalimwa juu milimani, Lushoto mjini penyewe pakiwa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya Magamba na Shume yakiwa juu zaidi. Sehemu nyingi za kufanyia vipimo ziko chini, kwenye joto la Muheza na Tanga mjini. Kuvu iliyozoea udongo wa baridi ukiipima pwani itaonekana mpole, na ile inayopenda joto itaonekana kali. Utarudi na majibu yaliyogeuzwa.

Mwongozo huu ni wa maafisa ugani, wanafunzi wa kilimo na mafundi wa maabara. Mkulima asiye na maabara asome sehemu ya kuchukua sampuli na ile ya mwisho.

Kuvu tunayoizungumzia

Rhizoctonia solani kwa kawaida haitoi mbegu za hewani, yaani chembe ndogo za uzazi, kama kuvu nyingine nyingi. Inaishi kwa nyuzi zake kwenye mabaki ya mimea, na kwa vibonge vigumu vyeusi vinavyoitwa sklerotia, ambavyo hushika ganda la kiazi kama matope yasiyotoka kwa kuoshwa. Kwa sababu haina mbegu za kupeperuka kwa urahisi, safari zake ndefu zinapitia mikononi mwetu: magunia ya mbegu, majembe, maji ya mifereji.

Ndani ya jina hilo kuna makundi yanayotambulika kwa uwezo wa nyuzi zake kuungana. Yanaitwa makundi ya anastomosi, kwa kifupi AG, na yamehesabiwa kuanzia AG-1 hadi AG-13. Kwenye viazi kundi kuu ni AG-3, hasa tawi lake la viazi linaloandikwa AG-3PT. Pamoja nalo hupatikana AG-2-1, AG-4 na AG-5. AG-2-1 hupenda pia mimea ya jamii ya kabichi, na AG-4 hushambulia maharage, nyanya na mengine mengi. Ukikumbuka kwamba shamba moja la Lushoto laweza kupokea viazi, kabichi, maharage, karoti na nyanya ndani ya miaka miwili, utaona kwa nini kulijua kundi ni jambo la kazi kabisa.

Kuchukua sampuli shambani

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza ni wiki 4 hadi 6 baada ya viazi kuota, kwa ajili ya mashina. Mara ya pili ni wakati wa kuvuna, kwa ajili ya viazi vyenyewe. Anayekwenda wakati wa kuvuna tu hukusanya karibu AG-3 peke yake, kwa kuwa ndiyo hodari wa kutengeneza vibonge vyeusi kwenye ganda. AG-2-1 na AG-5 zinaweza kuwa zimekula mashina miezi miwili iliyopita na zisiache alama kubwa kwenye kiazi. Kosa hili linaleta hitimisho kwamba eneo zima lina kuvu ya aina moja, kumbe njia ya kukusanya ndiyo iliyochuja.

Dalili za kutafuta: mimea iliyochelewa kuota au kuacha mapengo kwenye tuta; vidonda vya kahawia, vikavu na vilivyobonyea, kwenye sehemu ya shina iliyo chini ya udongo; vikonyo vya kuzalia viazi vilivyokatika; majani ya juu yaliyojikunja, pengine yenye rangi ya zambarau; viazi vidogo vya kijani vinavyoota juu ya ardhi kwenye makwapa ya majani; na utando mweupe unaofutika kwa kidole pale shina linapokutana na udongo. Utando huo haudhuru shina lenyewe, lakini ukiuona jua kuvu ipo.

Kabla ya kufunga sampuli, ondoa mashaka ya mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Nyuzi nyeupe kama za maziwa zikiteremka ndani ya dakika chache, una bakteria, na ushauri wake ni mwingine kabisa. Kukunjana kwa majani nako kunaweza kuletwa na kirusi. Kwa hiyo usiamini jani. Fukua shina ulitazame.

Kwenye mashamba ya ngazi tembea kwa kukata ngazi kutoka juu kwenda chini, kwa sababu maji hubeba udongo na kuvu kuelekea chini na sampuli za ngazi moja zitakudanganya. Chukua mimea 15 hadi 20 kwa shamba, ukiacha angalau mita 10 kati ya mmoja na mwingine, na kutoka kila mmea utenge kuvu moja tu. Ukitenga tatu kutoka mmea mmoja utakuwa umehesabu kuvu ileile mara tatu, na takwimu zako za utofauti zitaharibika pasipo wewe kujua.

Tia kila sampuli kwenye mfuko wa kaki na uandike kwa penseli: kijiji, mwinuko, zao lililotangulia, chanzo cha mbegu, na sehemu ya mmea. Wino huyeyuka kwa unyevu. Usitumie mfuko wa plastiki, maana hutoa jasho, na ukifika maabara utakuta bakteria na kuvu ya kijani ya Trichoderma zimetangulia. Barabara ya kuteremka kutoka Soni hadi Mombo inakutoa kwenye baridi hadi kwenye joto kwa muda mfupi. Beba boksi la ubaridi lenye vipande vya barafu vilivyofungwa kwa gazeti ili visigusane na mifuko. Tenga kuvu ndani ya siku 2. Ukishindwa, friji ya nyuzi joto 4 hadi 8 za Selsiasi itakuvumilia kama wiki moja.

Kwa udongo, chukua kina cha sentimita 5 hadi 15 kwenye sehemu tano za shamba, changanya, ubaki na nusu kilo. Maabarani jaza chombo gramu 250 za udongo wenye unyevu, uchomeke vijiti 10 vya meno vilivyochemshwa kwa mvuke, uviache saa 48, kisha uvilaze kwenye aga (chakula cha kuvu kilichogandishwa kama jeli). Tazama baada ya saa 24. Ukingoja zaidi, kuvu nyingine zenye kasi zitafunika kila kitu.

Kuitenga

Tayarisha vyakula viwili. Cha kwanza ni aga ya maji: gramu 15 hadi 20 za aga kwa lita 1. Cha pili ni aga ya viazi: chemsha gramu 200 za viazi vilivyomenywa na kukatwa, chuja, ongeza gramu 20 za glukosi na gramu 15 hadi 20 za aga, timiza lita 1. Vyote vichemshwe kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15. Jiko la presha la nyumbani linaweza kazi hii kama vali yake inafunga sawasawa. Aga ya maji ikishapoa hadi kama nyuzi 50, yaani chupa inashikika mkononi bila kuunguza, ongeza streptomisini miligramu 100 kwa lita kuzuia bakteria. Ukiitia ingali moto sana, dawa inaharibika na utalaumu sampuli.

Kisha:

1. Osha mashina na viazi kwa maji yanayotiririka hadi udongo wote utoke.
2. Kata vipande vya milimita 3 hadi 5 kwenye mpaka wa kidonda, nusu palipooza na nusu pazima. Katikati ya kidonda cha zamani wamejaa walaji wa mabaki. Kwa kiazi, bandua kibonge cheusi kwa sindano iliyopitishwa motoni.
3. Tumbukiza kwenye klorini ya asilimia 1. Dawa ya kufulia yenye asilimia 3.5 ipimwe vikombe 2 kwa vikombe 5 vya maji. Vipande vya shina dakika 1, vibonge nusu dakika hadi dakika 1. Klorini iliyokaa kwenye joto la pwani hupungua nguvu, kwa hiyo tumia chupa mpya.
4. Suuza mara tatu kwa maji yaliyosafishwa na kuchemshwa kwa mvuke, kausha juu ya karatasi safi ya kuchujia.
5. Laza vipande 4 au 5 kwa sahani ya aga ya maji. Weka kwenye nyuzi 22 hadi 25.
6. Kuanzia saa 24 hadi 72, angalia kwa hadubini kutoka chini ya sahani. Ukiona nyuzi pana zinazokimbia moja kwa moja na kutoa matawi ya pembe karibu ya mraba, kata ncha moja tu ya uzi, pamoja na kijipande cha aga, uihamishie kwenye aga ya viazi.

Hatua ya 6 ndiyo inayotenganisha kazi ya kuaminika na ya kubahatisha. Anayehamisha bonge zima la nyuzi huenda akabeba kuvu mbili, na miezi mitatu baadaye vipimo vyake vya kundi vinapingana bila sababu inayoonekana.

Kwenye aga ya viazi kuvu huanza nyeupe na kugeuka kahawia, na AG-3 mara nyingi hutoa vibonge ndani ya wiki mbili. Hakikisha kwa hadubini ya mara 400: tawi linatoka kwa pembe karibu ya mraba, limebanwa pale linapoanzia, lina ukuta wa kugawa seli karibu na mwanzo wake, na hakuna mbegu zozote. Ukiona mbegu zenye umbo la mundu, hiyo ni Fusarium. Nyuzi zisizo na kuta za kugawa ni Pythium.

Kisha hesabu viini. Tone 1 la rangi ya safranini O ya asilimia 0.5 na tone 1 la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3, funika, tazama. Seli yenye viini vitatu au zaidi ni R. solani. Ikiwa kila seli ina viwili tu, umepata jamaa yake mwenye viini viwili, ambaye aghalabu ni mpole, na hafai kuhesabiwa pamoja.

Kuvu moja iliyotengwa hivi tuiite aisoleti. Ihifadhi mara moja: punje za shayiri au mtama zilizochemshwa kwa mvuke, ziachwe zivamiwe na kuvu, zikaushwe, zifungwe kwenye bahasha na kuwekwa kwenye baridi. Kuihamisha aisoleti kutoka sahani hadi sahani kwa miezi kunaweza kuipunguzia ukali. Kila kipimo kianzie kwenye punje iliyohifadhiwa.

Kuijua kundi lake, na utofauti ndani ya kundi

Kipimo cha kuungana hakihitaji mashine ya gharama. Chovya kioo safi cha hadubini kwenye aga ya maji iliyoyeyushwa, kilaze ndani ya sahani yenye karatasi yenye unyevu. Weka kipande cha milimita 5 cha aisoleti yako upande mmoja na cha aisoleti ya kundi linalojulikana upande wa pili, sentimita 2 hadi 3 kati yao. Baada ya saa 24 hadi 48 nyuzi zitakutana. Tia rangi ya tripani bluu, tazama kwa mara 200 hadi 400, na ufuatilie kila uzi hadi ulikotoka, ili usihesabu uzi uliojiunga na ndugu yake wa upande uleule. Tafuta sehemu tano za kukutana au zaidi.

Matokeo huandikwa kwa daraja nne. C0: nyuzi zinapishana bila kujaliana, hazina undugu. C1: kuta zinashikana lakini utando wa ndani hauungani, undugu ni wa mbali. C2: kuta zinaungana waziwazi, kisha seli zilizoungana na jirani zake zinakufa, hizi ni kundi moja lakini watu wawili tofauti. C3: zinaungana na kuendelea kuishi kama uzi mmoja, ishara ya kuvu ileile au pacha wake. Kila aisoleti uikutanishe pia na nafsi yake. Isipotoa C3 hapo, ama haijatengwa vizuri au kipimo chako kina kasoro.

Tofauti ya C2 na C3 ndiyo hazina ya kipimo hiki, na wengi huiruka wakishapata kundi. Ukikuta AG-3 za Lukozi, Mlalo na Malindi ya Lushoto zote zinatoa C3 zikikutanishwa, maelezo yanayokaa vizuri ni kwamba zimesafiri pamoja kwenye mbegu. Ukikuta C2 karibu kila unapokutanisha, hata ndani ya shamba moja, kuna kuvu nyingi tofauti zilizokaa au kuingia kwa nyakati mbalimbali, na kubadilisha mbegu pekee hakutamaliza tatizo. Panga hesabu mapema, maana kukutanisha kunaongezeka haraka: aisoleti 10 ni michanganyiko 45, aisoleti 30 ni 435. Anza na 12, ambazo ni michanganyiko 66.

Kuagiza aisoleti za rejea kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Huna? Kutanisha zako zenyewe kwanza, uzigawe kwenye mafungu, kisha upeleke mwakilishi mmoja au wawili wa kila fungu kusomwa DNA. Hapo gharama inashuka sana.

Kwa DNA njia ya kawaida ni kusoma eneo la ITS, kipande cha DNA kinachotumika kutambua kuvu, kwa kutumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) ITS1 (TCCGTAGGTGAACCTGCGG) na ITS4 (TCCTCCGCTTATTGATATGC). Otesha kuvu kwenye mchuzi wa viazi siku 5 hadi 7, chuja, kausha, toa DNA kwa kemikali ya CTAB. PCR, yaani kunakili DNA kwa mashine: nyuzi 94 dakika 3, mizunguko 35 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 55 sekunde 30, nyuzi 72 dakika 1, mwisho nyuzi 72 dakika 7. Kipande kinachotoka kina urefu wa herufi 700 hivi. Usishangae ukiona vilele viwili juu ya herufi moja kwenye usomaji. Seli za kuvu hii zina viini vingi, na nakala za ITS ndani yake zinaweza kutofautiana. Aisoleti haijachafuka kwa lazima. ITS inatosha kutaja kundi na tawi. Kwa kutofautisha pacha na binamu ndani ya AG-3 haitoshi, unahitaji alama za mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia), au urudi kwenye C2 na C3.

Kupima ukali

Kwanza chakula cha kubebea kuvu. Loweka gramu 250 za mtama usiku kucha, chuja, jaza chupa ya mdomo mpana hadi nusu, ziba kwa pamba, chemsha kwa mvuke nyuzi 121 dakika 45. Rudia kesho yake, maana vimelea vinavyovumilia joto huamka baada ya mchemsho wa kwanza. Ikipoa weka vipande 10 vya kuvu vya milimita 5. Acha wiki 2 hadi 3 kwenye nyuzi 22 hadi 25, ukitikisa kila baada ya siku mbili ili punje zisigandane. Tayarisha chupa moja ya mtama usio na kuvu kwa ajili ya vyungu vya kulinganishia.

Udongo: sehemu 2 za udongo tifutifu kwa sehemu 1 ya mchanga, uliopikwa kwa mvuke mara mbili. Usichote udongo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba. Wa shambani unatosha.

Mbegu: viazi vya aina moja, gramu 30 hadi 50, vichipukizi vya milimita 5 hadi 10. Vioshe na uvikague kimoja kimoja kwenye mwanga mzuri. Kibonge kimoja cheusi kilichokupita kinaharibu chungu kizima, na kikiwa kwenye chungu cha kulinganishia kinaharibu jaribio.

Chungu cha lita 2: jaza udongo nusu, weka kiazi, funika sentimita 3, tandaza gramu 5 za mtama wenye kuvu moja kwa moja juu ya vichipukizi, kisha funika sentimita 4 nyingine. Kichipukizi lazima kipite kwenye kuvu. Vyungu visipungue 6 kwa kila aisoleti, vipangwe kwa kura, na jaribio lote lirudiwe mara ya pili. Udongo uwe na unyevu bila kutuama maji.

Sasa joto. AG-3 hushambulia vichipukizi kwa nguvu zaidi udongo ukiwa kama nyuzi 12 hadi 18, kwa kuwa kiazi huota polepole na kukaa muda mrefu kwenye hatari. AG-4 hupata nguvu joto likipanda. Weka jaribio Lushoto kwenyewe, chini ya kivuli cha neti, na miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti ni mizuri kwa AG-3. Chomeka kipimajoto sentimita 5 ndani ya udongo, soma saa 1 asubuhi na saa 8 mchana kila siku. Kama huna budi kufanya chini pwani, tafuta chumba chenye kiyoyozi kinachoshika nyuzi 18. Bila hicho, heri usifanye. Jedwali la ukali lisilo na safu ya joto la udongo halina thamani, hata likiwa na hesabu nzuri namna gani.

Andika siku kila mmea ulipochomoza. Siku ya 40 hivi, ng'oa, osha, na upe kila shina alama:

0 – safi;
1 – kidonda kidogo kisichofika milimita 5;
2 – kidonda zaidi ya hapo, hakijafika nusu ya mzunguko wa shina;
3 – kimepita nusu ya mzunguko;
4 – shina limezungukwa lote au kichipukizi kimekufa.

Fahirisi ya ukali ni jumla ya alama zote, gawanya kwa idadi ya mashina mara 4, zidisha kwa 100. Mfano: mashina 18, manne yana 0, matano yana 1, manne yana 2, matatu yana 3, mawili yana 4. Jumla ni 30. Kiwango cha juu kabisa ni 72. Fahirisi ni asilimia 41.7.

Fukua kila chungu, hata ambacho hakikuota. Vichipukizi vilivyokufia chini vyote vina alama 4. Ukihesabu mashina yaliyo juu ya ardhi peke yake, aisoleti kali kuliko zote itaonekana mpole, kwa sababu wahanga wake hawakufika juu kuhesabiwa. Na kwa kuwa alama hizi ni za daraja, linganisha aisoleti kwa kipimo cha takwimu cha Kruskal-Wallis badala ya kutegemea wastani tu.

Mwisho tenga tena kuvu kutoka vidondani na uikutanishe na ile uliyoanza nayo. C3 ikitokea, kidonda ni chake. Kwenye vyungu vya kulinganishia pasitoke kuvu. Ikitoka, tupa jaribio na uanze upya na mbegu nyingine.

Vibonge kwenye viazi vipya hupimwa peke yake: acha vyungu vingine hadi mmea ukomae, kata majani, subiri wiki 3, ndipo uvune na kukadiria asilimia ya ganda lililofunikwa. Usitumie matokeo ya mashina kubashiri ya ganda, maana hayaendi pamoja.

Udongo, vyungu na mabaki yote yapikwe kwa mvuke kabla ya kutupwa. Aisoleti za Lushoto zisifanyiwe majaribio ya wazi shambani Mbeya au Njombe, wala za huko zisipandwe Lushoto.

Matokeo yakishatoka, shambani ifanyike nini

Kama kuvu nyingi ni AG-3 na zinatoa C3 kijiji hadi kijiji, pambana na mbegu. Osha viazi vya mbegu kabla ya kuchagua, kwa sababu vibonge huonekana vizuri ganda likiwa limelowa, na ondoa vyenye vibonge. Dawa za kuvu za mbegu zenye fludioksonili, flutolanili au pensikuroni hufanya kazi dhidi ya kuvu iliyo kwenye ganda. Thibitisha kwanza kuwa bidhaa imesajiliwa na TPHPA kwa viazi na ufuate kipimo cha lebo. Kwa udongo uliojaa kuvu, dawa ya mbegu peke yake inaishiwa nguvu.

Kama zimejaa C2 na vijiti vya udongo vimetoa kuvu nyingi, kazi ni ya mzunguko wa mazao: viazi visirudi kwenye kipande hicho kabla ya miaka 3, na katikati mahindi yanafaa. Nyanya haifai baada ya AG-4. AG-2-1 ikitawala, usipande viazi mara tu baada ya kabichi, na mabaki ya kabichi yaache yaoze kabisa kwanza. Kupanda juu ya majani mabichi yaliyofukiwa wiki iliyopita ni kuipa kuvu chakula pale pale kichipukizi kinapopita.

Kwa hali zote mbili, kichipukizi kipite upesi. Panda mbegu iliyokwisha kuchipua, kwa kina cha sentimita 5 hivi badala ya 12 au 15 wanazofukia wengi milimani, kisha pandisha udongo kwenye tuta mimea ikishasimama. Na wakati wa kuvuna usiviache viazi ardhini: majani yakishakufa, vibonge vinaongezeka kila wiki. Ganda likikaza, baada ya siku 14 hadi 21, fukua.